Shangazi, gunia la vitunguu na kopo la vidonge

Nilikuwa Shelui kwa shangazi yangu. Kwa asiyepajua, ukitoka Singida mjini kwenda Nzega, ukishamaliza kuteremka mlima Sekenke, umefika. Shangazi analima vitunguu.

Safari hii nilimkuta analalamika kichwa na kizunguzungu. Kumbe ameacha dawa za presha alizopewa zahanati! Kabatini kuna kopo la vidonge lenye picha ya matunda na neno moja kubwa: antioksidanti. Ameuza gunia zima la vitunguu ili alinunue. Na aliyemuuzia siyo mganga wa kienyeji, ni binamu yangu wa Dar, msomi mwenye digrii. Alimwambia vidonge hivyo "vinasafisha mwili", kwa hiyo dawa za hospitali hazina kazi tena.

Nilikasirika sana. Lakini nikajiuliza, hivi mimi mwenyewe naijua hiyo antioksidanti? Ngoja nijaribu kueleza.

Kata bilinganya uiache mezani. Muda si mrefu inageuka kahawia, ni kazi ya oksijeni. Ipake limau, inachelewa kugeuka. Mwilini nako, tunapotumia oksijeni kupata nguvu, huzaliwa chembe korofi zinazoweza kuharibu seli. Moshi wa sigara huziongeza. Antioksidanti ni vitu vinavyozituliza, kama vitamini C, vitamini E na karoteni, na vimejaa kwenye matunda na mboga. Mpaka hapo binamu hajadanganya.

Tatizo ni kudhani kwamba ukikichomoa kitu kimoja kwenye mboga na kukishindilia kwenye kidonge, umeipata mboga. Wanasayansi nao waliwahi kutumaini hivyo. Huko Finland wanaume wavuta sigara 29,133 waligawanywa makundi, wengine wakapewa vidonge vya beta-karoteni kila siku kwa miaka 5 hadi 8. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, waliomeza karoteni walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao! Marekani walikuwa na utafiti wa aina hiyo. Wakausimamisha Januari 1996 kabla ya muda wake, maana nao ulionyesha saratani ya mapafu imeongezeka kwa asilimia 28.

Sasa geuza macho uangalie jikoni kwa shangazi. Kuna vitunguu vyekundu, na rangi ile yenyewe ni antioksidanti. Kuna mlenda na matembele yenye karoteni. Kuna mafuta ya alizeti, fahari ya Singida, ambayo yana vitamini E na yanausaidia mwili kuifyonza hiyo karoteni. Kuna ubuyu, ambao unga wake, kwa uzito ule ule, una vitamini C nyingi kuliko chungwa. (Nasema ubuyu wenyewe, siyo ule wa mjini uliozamishwa kwenye sukari na rangi.) Tena vyakula hivi vinakuja na nyuzinyuzi na potasiamu, ambayo husaidia kushusha presha. Kopo la binamu halina hata mlenda.

Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 hapa Tanzania hawafikii kiwango hicho. Hapo ndipo penye tatizo letu, jamani! Mkulima anauza mboga zote, anabaki na ugali na chumvi, halafu fedha anamrudishia mtu wa mjini anayemuuzia picha ya matunda.

Na mboga nazo zisitiwe chumvi. Mlenda hautibu presha. Unasaidia kuikinga na kuipunguza, lakini aliyeandikiwa dawa ameze dawa, na asiache mpaka daktari amwambie. Kinachoua ni kuambiwa uchague kimoja.

Ninawaandikia ninyi wenzangu wa mjini kwa sababu makopo haya hayafiki Shelui yenyewe. Tunayapeleka sisi, kwa semina zetu za utajiri wa haraka na ujumbe wa WhatsApp tusiousoma mpaka mwisho. Kule kijijini neno la msomi lina uzito. Shangazi hakuliamini kopo, alimwamini mtoto wa kaka yake aliyefika chuo kikuu.

Kesho yake tulikwenda zahanati pamoja, akapimwa, akarudishwa kwenye dawa zake. Kopo bado liko kabatini, anasema hawezi kulitupa, ni gunia zima lile. Binamu hajapokea simu yangu mpaka leo.

Nawakilisha.