Maneno Tunayosikia: «BOOM»



Neno letu la mwezi huu ni fupi, lakini liko na mambo mengi ndani. Kwa radio wanasema: «Kuko boom ya shaba.» Ndani ya shimo, fundi wa mashine naye analalamika: «Angalia boom!» Mtoto anatoka shuleni, anauliza: «Baba, boom ni nini?» Utamjibu namna gani? Tuangalie pamoja, kwa sababu si neno moja.

Boom ya kwanza ni sauti. Waingereza waliiga mshindo kwa kinywa, kama vile sisi tunasema «bum!» Lakini zaidi ya miaka 500 iliyopita, neno hilo lilikuwa kwanza la kuvuma, kama nyuki wanavyovuma. Nyuma njo likawa la mzinga na la ngurumo. Wagiriki wa kale nao waliiga sauti hiyo wakasema «bombos». Kutoka kwao, kwa njia ya Walatini, Waitalia na Wafaransa, likazaliwa hata neno bomu.

Boom ya pili si sauti hata kidogo. Ni mti! Kwa lugha ya Waholandi, na ya Waflamand wa Ubelgiji, «boom» maana yake ni mti. Katika karne ya 17 mabaharia wa Uingereza waliazima neno hilo, wakaita vile mti mrefu unaonyoosha tanga la chombo upande wa chini. Nyuma wakaita vile mkono mrefu wa mashine ya kuinulia mizigo, na fimbo inayoshika mikro ya watu wa sinema. Hata jumbo, ile mashine ya kutoboa mawe chini ya udongo: vitabu vyake vya Kiingereza vinaita mikono yake «boom».

Basi fundi yule hasemi juu ya baruti. Mwenye kufikiri ni mshindo ataziba masikio na kubaki palepale. Mwenye kujua atatoka mbio chini ya mkono wa mashine. Ndugu, kwa kazi, usione haya kuuliza: «Unasema boom gani?»

Boom ya tatu ni ya feza. Ilianza Marekani, miaka ya 1870: mji ao biashara ikipanda kwa ghafula, walisema iko na boom. Nyuma ya vita ya 1939-1945, kwao walizaliwa watoto wengi sana, toka 1946 mpaka 1964. Ile nayo wakaiita boom, ya watoto.

Sisi wa nchi ya shaba tunaijua boom ya bei. Mwaka 2002, tani moja ya shaba ilikuwa karibu dola 1 500. Mwezi wa tano 2006, ilipita dola 8 000. Watu wakajenga, wakaoa, wakakopa. Lakini mwezi wa kumi na mbili 2008, bei ikaanguka chini ya dola 3 000. Katika Katanga makompanyi yakafunga milango, na baba wengi wakarudi nyumbani mikono mitupu. Cobalt nayo ilipanda vile mpaka 2018, na mwaka 2019 ilikuwa imekwisha kuanguka.

Bei ya shaba haipangwe kwetu. Inapangwa mbali, na hakuna mtu anayekuja kugonga mlango kusema kesho itashuka. Kwa hiyo, siku boom inaingia nyumbani, bwana na bibi wakae pamoja na kuhesabu. Walipe kwanza minerval ya batoto, waweke kidogo pembeni, nyuma njo waangalie televizyo mpya. Deni la wakati wa boom linalipwa na mshahara wa wakati wa kimya.

Mwezi ujao, neno lingine. Mubaki salama!