Mbwa wa Faraja na Kicheko cha Jirani

Mtu akiugua malaria pale Mkumbara, jirani humletea uji. Lakini akisema kwamba usiku moyo humdunda pasipo sababu, kwamba hathubutu tena kupanda basi, na kwamba kitu kimoja tu humpatia usingizi, nacho ni mbwa wake aliyejilaza nje ya mlango, jirani yule yule atacheka. Kicheko hicho ndicho kilichonisukuma kuandika. Sidai kwamba mbwa ni dawa ya wasiwasi. Hoja hiyo nitaipunguza nguvu mimi mwenyewe hapa mbele. Ninalodai ni kwamba kicheko hicho humwondolea mgonjwa nafasi ya kutibiwa, na kwamba sisi watumishi wa afya tunashiriki ndani yake zaidi ya tunavyokiri.

Wasioijua Mkumbara na wafahamu kwamba ni mahali pa njia. Barabara itokayo Korogwe kwenda Same hupita hapo baada ya Mombo na Mazinde, nayo reli ya Tanga na Moshi huambaa chini ya kuta za Usambara. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walijenga hapo mtambo wa nyaya wa kuteremshia magogo ya mierezi kutoka misitu ya Shume. Mbwa si mgeni mahali kama hapo. Wafugaji wa bonde la Mkomazi huandamana naye malishoni. Mwenye shamba la mahindi humtumia kuwafukuza nguruwe pori na ngedere. Mwenye duka humfungulia usiku. Hakuna amwulizaye mtu kwa nini anafuga mbwa, maadamu mbwa ana kazi.

Sasa tuseme yupo mama auzaye matunda kandokando ya barabara hiyo, na siku moja aliona basi likipinduka mbele ya meza yake. Miezi imepita. Kila honi inapolia mikono humtetemeka. Amefika zahanati mara tatu akilalamikia presha, na mara tatu presha imeonekana sawa. Mbwa wa marehemu mumewe, ambaye zamani hakumjali, sasa humfuata kila aendako, na mama ameona kwamba akimwekea mkono mgongoni pumzi hurejea taratibu. Huyu mama ni wa kubuni, lakini daktari yeyote aliyekaa katika chumba cha wagonjwa wa nje wilayani Korogwe au Handeni atakuwa amekutana na mtu wa namna yake, awe na mbwa au asiwe naye. Je, kazi ya mbwa huyo tuiiteje? Hachungi, halindi, hawindi. Katika hesabu zetu za kawaida hana kazi, na mwenye mbwa asiye na kazi huhesabiwa mtu aliyepungukiwa.

Sehemu ya shida imo katika lugha yenyewe. Neno wasiwasi tumelipokea kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni mnong'ono, hususan mnong'ono wa shetani moyoni. Kwa hiyo mtu akisema ana wasiwasi, msikilizaji husikia nusu ya lawama: amelegea katika imani, au anaficha jambo. Utabibu humaanisha kitu kingine, yaani hofu iliyopita kiasi cha hatari iliyopo, ikadumu, ikamzuia mtu kufanya shughuli zake. Mwili hushiriki kikamilifu: moyo hudunda, jasho hutoka, tumbo huvurugika, misuli hukakamaa, usingizi hukatika. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa aina hii hatuwaoni kama wagonjwa wa akili. Huja wakiwa na moyo, presha au vidonda vya tumbo, nao huondoka na vidonge vya tumbo. Huko Zimbabwe Washona wana neno lao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Wataalamu wa nchi hiyo walilichukua neno la watu wenyewe na kujenga juu yake huduma inayotolewa na akina bibi waliofunzwa, kwenye mabenchi nje ya vituo vya afya. Sisi nasi twasema ana mawazo. Neno tunalo, ila hatujalifanyia kazi.

Mbwa wa faraja, kwa maana inayotumika leo, ni zao la Ulaya na Marekani. Historia yake ina mambo mazuri. Katika nyumba ya wagonjwa wa akili iliyofunguliwa York, Uingereza, mwaka 1796, sungura na kuku waliachwa uani ili wagonjwa wawatunze, wakati ambapo kwingineko wagonjwa walifungwa minyororo. Katika miaka ya 1960 mwanasaikolojia wa Marekani, Boris Levinson, alieleza jinsi mtoto aliyekuwa hasemi na watu alivyoanza kusema mbele ya mbwa. Baadaye mambo yaliingia sheria na biashara. Ikabidi watofautishe kati ya mbwa wa huduma, ambaye amefunzwa kazi maalumu kama kumwongoza kipofu, na mbwa wa faraja, ambaye hakufunzwa chochote, ila uwepo wake tu humtuliza mwenyewe. Huyu wa pili alihitaji barua ya mtaalamu, na barua zikaanza kununuliwa. Watu wakapanda ndege na kila mnyama. Mwaka 2018 abiria mmoja alikataliwa kuingia ndegeni na tausi wake. Mwishoni mwa mwaka 2020 wizara ya uchukuzi ya Marekani iliondoa sharti la kuyalazimu mashirika ya ndege kuwapokea wanyama wa faraja kama wanyama wa huduma. Mtanzania anayeposikia habari hizi hucheka, na kwa tausi, nakiri, nami nilicheka.

Lakini tausi hafuti swali la kitabibu: mbwa husaidia au hasaidii? Jibu la uaminifu ni kwamba husaidia kidogo, kwa muda mfupi, na ushahidi ni mwembamba. Kumpapasa mbwa mtulivu hupunguza dalili za mfadhaiko kwa baadhi ya watu. Watafiti wa Japani walionesha mwaka 2015 kwamba mbwa na mwenyewe wanapotazamana machoni, homoni ya oksitosini, ile ile ihusikayo na mapenzi ya mama kwa mtoto mchanga, hupanda kwa wote wawili. Hayo ni ya kupendeza. Hata hivyo kutulia kwa dakika ishirini si kupona. Tena iko hatari ambayo wapenzi wa mbwa hawapendi kuisikia: tiba ya mazungumzo yenye nguvu zaidi dhidi ya hofu humfundisha mgonjwa kukaribia kidogo kidogo kile anachokiogopa, hadi mwili ujifunze kwamba hakiui. Mgonjwa asiyetoka nyumbani ila na mbwa huweza kuamini kwamba mbwa ndiye aliyemwokoa, na hofu ikabaki mahali pake. Basi mbwa na awe wa kumsindikiza mama yule hadi kituoni cha basi wiki ya kwanza, asimame mbali wiki ya pili, na wiki ya tatu abaki nyumbani.

Kwa upande wa pili, jambo ambalo mbwa hulifanya bila kifaa cha kulipima ni kumwamsha mtu. Anataka maji, anataka makombo, anataka kutoka. Wilaya ya Korogwe haihitaji kufunzwa na wageni juu ya hili. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Lutindi, juu milimani, ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 ikiwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mapema katika karne ya 20 ikageuka kuwa ya wagonjwa wa akili, miongoni mwa za kwanza kabisa Afrika Mashariki. Huko kazi za shambani, hasa chai, na kazi za mikono zimekuwa sehemu ya tiba. Wazo ni lile lile: mtu aliyezongwa na nafsi yake apewe kiumbe au kitu kinachomhitaji. Hakuna aliyewahi kucheka kwamba mgonjwa wa Lutindi anapalilia chai.

Pingamizi la dini lastahili heshima kuliko linavyopewa na waandishi wa mijini. Waislamu wengi wa mkoa wa Tanga hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu mbwa kuwa najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mwenye kuswali mara tano kwa siku hawezi kuambiwa tu kwamba mbwa ni rafiki. Hata hivyo, dini hiyo hiyo huruhusu mbwa wa kulinda, kuchunga na kuwinda, na Surat al-Kahf humtaja mbwa wa watu wa pangoni akiwa amenyoosha miguu kizingitini. Kizingitini, si kitandani. Nami naona hapo pana mwafaka wa kutosha: si lazima mtu alale shuka moja na mnyama ndipo apate faraja. Zaidi ya hayo, tazama paka. Katika nyumba za pwani nzima ajuza huongea na paka wake, humwekea dagaa, humpakata akivuta uradi, wala hakuna amwitaye mwendawazimu. Kwa hiyo sikubali kwamba jamii yetu haielewi faraja ya mnyama. Inaielewa tangu zamani. Kinachochekwa ni mbwa, na zaidi ya mbwa, ni yule athubutuye kutaja ugonjwa wake kwa sauti. Anayeweza kufarijika na paka, au na mbuzi aliyemlea kwa chupa, hana haja ya kumtafuta mbwa kwa kuwa Wamarekani wanaye.

Hofu ya kichaa cha mbwa nayo si ushamba. Dalili zikishaonekana, karibu kila mgonjwa hufa, na takriban wote huambukizwa na mbwa. Shirika la Afya Duniani hukadiria vifo 59,000 kila mwaka duniani, vingi Afrika na Asia, na wengi ni watoto. Mbwa wa faraja asiyechanjwa ni hatari iliyovishwa jina zuri. Lakini ugonjwa huu huzuilika. Pemba, kisiwa cha Waislamu ambako mtu angedhani hakuna atakayemshika mbwa, chanjo za mbwa ziliusimamisha mwaka 2014. Uliporudi mwaka 2016 chanjo ziliufukuza tena. Wenye mbwa waliwaleta kwa kamba. Lengo la kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100 ni la kila kijiji, na anayeng'atwa na aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wa jirani mwema.

Tena mbwa wetu wengi hawafai kwa kazi hii, na kosa si lao. Anayefungwa kibandani mchana kutwa, akapigwa ili awe mkali, akafunguliwa usiku, hawezi kumtuliza mtu. Atamwongezea hofu mwenyewe na watoto wa mtaa mzima. Wapo majirani ambao wasiwasi wao ni mbwa wenyewe, baada ya kung'atwa utotoni. Faraja ya mmoja isiwe kamba shingoni mwa mwingine: mbwa afungwe njiani, asiingizwe msikitini, kanisani wala wodini, na mwenyewe ajue jina la daktari wa mifugo wa kata yake.

Kwamba mitazamo hubadilika, tuna shahidi wa ajabu karibu nasi. Katika misitu ile ile ya Shume juu ya Mkumbara, na kwingineko Lushoto, tauni iliyozuka mwaka 1980 ilimfanya panya kuwa adui wa kila nyumba. Na bado ni Morogoro, pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako panya buku hufunzwa na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Panya hakubadilika, watu waliona kazi yake.

Sipendekezi basi kwamba madaktari wetu waanze kuandika barua za mbwa. Wataalamu wa akili ni wachache mno, na karatasi hiyo itafanya kwetu kile ilichofanya kwingine. Napendekeza jambo dogo. Tumeagizwa kumwuliza mgonjwa kama ameoa au ameolewa, ana watoto wangapi, anafanya kazi gani. Tuongeze: usiku hofu ikija, unafanya nini, na nani yuko karibu nawe? Mama muuza matunda akijibu kwamba ni mbwa, mwuguzi asiitazame saa wala asitabasamu kwa wenzake. Aandike jibu hilo. Kisha ampime wasiwasi kama apimavyo presha, amweleze ugonjwa wake kwa jina, ampangie mazungumzo na, ikihitajika, dawa isiyoleta utegemezi kama ule wa vidonge vya usingizi. Na kabla mama hajaondoka amwulize mbwa amechanjwa lini. Akisema hajachanjwa, amwelekeze siku na mahali pa chanjo.