Anakupenda, ila hakutii!

Siku hizi nane nimehangaishwa na mbwa, tena wala si wangu.

Ni wa braza. Braza kajenga Kigamboni, kapiga ukuta na geti la chuma, na kama ilivyo kwa wenye nyumba mpya wote, akaanza kuota wezi. Akaambiwa kuna mbwa wa Kituruki, mkubwa kama ndama, mwizi akimwona anageuza mwenyewe. Basi akaletewa mtoto wake kutoka Afrika Kusini, ambako wapo watu wanaowazalisha. Alipofika alikuwa kama mto wa kochi, rangi ya mchanga, uso mweusi kama kapakwa masizi. Watoto wakamgombania, wakampa jina la Bosi. Mimi nasema kosa lilianzia hapo, maana jina kalishika.

Leo Bosi ana mwaka na nusu na kilo 50 na ushee. Ukimwita anageuza kichwa, anakutazama, anafikiria, kisha anaendelea na shughuli zake. Ukimtupia mpira anautazama unavyobingirika, halafu anakutazama wewe, kama vile anasema umeutupa mwenyewe, kaufuate. Usiku anabweka kuanzia saa nne mpaka adhana ya alfajiri. Jirani kaja kulalamika mara tatu.

Jumamosi ya wiki iliyopita ndiyo ikawa kasheshe. Mtoto wa braza alikuwa uani anacheza mieleka na mtoto wa jirani. Si mnawajua watoto, makelele kibao, mmoja kamkalia mwenzie. Bosi akanyanyuka kivulini, akajipenyeza katikati, akamsukuma yule mgeni kwa kifua mpaka akakaa chini. Hakumng'ata, wala hakuunguruma. Kasimama tu juu ya mtoto wa nyumbani, kimya. Mama wa yule mtoto akaja juu, mjumbe akaitwa, na jioni braza akanipigia simu.

"Dogo, huyu mbwa hana adabu kabisa. Hanisikii mimi ninayemlisha! Jumatatu namwita daktari wa mifugo aje amalize kazi."

Kumaliza kazi maana yake sindano. Mmenielewa.

Sasa mimi si mtaalamu wa mbwa. Sisi tuliokulia Pwani, mbwa mwisho wake uani, na akikugusa na pua yake mbichi unakimbilia maji. Lakini Bosi nimemzoea. Nikakaa usiku mbili nasoma habari za ukoo wake, na nikagundua kuwa braza kanunua kitu asichokijua.

Asili ya hawa mbwa ni nyanda za juu za Uturuki. Wale maarufu zaidi wanatoka mkoa wa Sivas, kwenye wilaya ya Kangal, na jina lao ndilo hilohilo, Kangal. Kazi yao ni kulinda kondoo, na kulinda si kuswaga. Mbwa wa kuswaga, kama border collie wa Uingereza, macho yake yako kwa mchungaji muda wote, anangoja filimbi. Mlinzi hana wa kumpigia filimbi. Mbwa mwitu anakuja saa nane za usiku, mchungaji kalala au yuko mbali, mbwa yuko peke yake na kundi. Nani atampa amri? Angekuwa wa kungoja kuambiwa, kondoo wangekwisha zamani. Kwa hiyo karne na karne wachungaji wamewathamini wale wanaojiamulia. Wanachowasaidia ni kuwavisha mkanda wa shingoni wenye miiba ya chuma, mbwa mwitu asipate pa kushika koo.

Ubishi wa Bosi, kumbe, ndiyo elimu yake!

Marekani walikuwapo wataalamu wawili, Raymond Coppinger na mkewe Lorna, wa Hampshire College huko Massachusetts. Kuanzia miaka ya 1970 mwishoni walichukua mbwa wa namna hii kutoka Ulaya na Uturuki, wakawagawia wafugaji na kuwafuatilia. Waliona kwamba mtoto wa mbwa akilelewa na kondoo wiki zake za mwanzo, kabla hajafikisha wiki 16, anawashika kuwa ndugu zake. Na jingine ndilo lililonifanya nikae kitako kitandani. Hawa mbwa mara nyingi hata hawapigani. Wanabweka, wanajiweka katikati, na mla nyama akiona mambo yameharibika anakwenda zake.

Anajiweka katikati. Si ndicho alichokifanya Jumamosi?

Kazi hiyo imefika hadi Afrika. Kule Namibia, shirika la kuhifadhi duma liitwalo Cheetah Conservation Fund lilianza mwaka 1994 kuwapa wafugaji mbwa hawahawa wa Kituruki wakae na mbuzi. Mfugaji ambaye mbuzi wake hawaliwi hana sababu ya kumpiga duma risasi, kwa hiyo mbwa mmoja anawaokoa wote wawili. Australia nako, Warrnambool, mwaka 2006 walianza kuwatumia binamu zao wa Kiitalia, Maremma, kulinda ndege wa baharini wanaoitwa pengwini wasiliwe na mbweha. Mbwa analinda ndege! Ukimzoesha akiwa mdogo, chochote kitakuwa kondoo wake.

Nikampigia braza. Nikamwambia kondoo wa Bosi ni wanao. Alikuja bado mdogo, akawekwa katikati yao, basi kundi lake ni hilo. Braza alikuwa na wazo lingine, ampeleke Chalinze kwa mjomba mwenye mbuzi. Nikamwambia umechelewa, wale mbuzi hawajui, atavunja uzio awatafute watoto.

Na mapenzi anayo, ila si yale ya kurukaruka na kulamba watu. Masika yaliyopita binti wa braza alipougua homa, Bosi alihama kivuli chake akaenda kulala chini ya dirisha lake mpaka alipotoka nje. Hakuna aliyemtuma. Dada zangu, wanaume wa aina hii mnawajua: simu zako hapokei, lakini ukiumwa wa kwanza mlangoni ni yeye. (Sisemi mumvumilie. Nasema mnamjua.)

Sasa msije mkaniona namtetea tu. Huyu mbwa si wa kiwanja cha ukuta kwa ukuta. Kubweka usiku ndiyo kazi yake, na jirani wa watu ana haki ya kulala. Nilimwambia braza, ikifika usiku mfungie ndani ya banda, asikie vichache, abweke vichache. Mtoto wa jirani akija, mtu mzima akae uani, na mieleka ihamie shuleni. Usimpige, maana mbwa wa kilo 50 anayejiamulia si wa kugombana naye. Na umngoje, kwa sababu hawa hawakomai haraka, mpaka miaka miwili hivi.

Braza kimya. Kisha akaniuliza, "Yaani dogo unataka niishi na mtu asiyenisikia humu ndani kwangu?"

Nyuma yake nikamsikia shemeji anacheka: "Na mimi je? Mwaka wa kumi huu!"

Jumatatu ilipita bila daktari kuitwa. Braza kampa Bosi mpaka mwisho wa mwezi, na fundi anajenga banda la matofali. Mama wa jirani bado kanuna, na sina la kumwambia, mtoto wake alianguka kweli.

Jana jioni nilikwenda. Nikakaa kibarazani na kahawa yangu, sikumwita. Akaja mwenyewe polepole, akaniegemea mguu kwa uzito wake wote, uso kauelekeza getini. Akabaki hivyohivyo mpaka mguu ukafa ganzi, na mimi naona haya kumwambia asogee. Hata ningemwambia, asingesogea.