Wota pampu ya gari kuukuu: akiba iwekwe kwenye spea

WAFANYABIASHARA wengi wa Mwanza wanaotegemea magari kuukuu wamezoea kuiona wota pampu kuwa kitu kidogo, mpaka siku gari linapochemsha njiani likiwa na mzigo. Siku hiyo matone machache ya maji yaliyokuwa yakionekana chini ya injini hugeuka kuwa silinda hedi iliyopinda, mzigo uliokosa soko na gari kuwekwa juu ya mawe kwa wiki kadhaa.

Swali linaloulizwa na wenye magari ni hili: je, inalipa kubadilisha pampu hiyo nyumbani bila kwenda gereji? Kwa magari mengi jibu ni ndiyo, ila kwa sharti moja. Fedha iliyookolewa kwenye ufundi sharti iingie kwenye spea yenyewe. Anayebana huku na huku mwishowe hulipa kotekote.

Suala hili lina uzito zaidi sasa. Tangu Daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, safari za Sengerema na Geita hazisubiri tena kivuko. Gari linaweza kufanya safari nyingi zaidi kwa wiki, kwa hiyo siku moja ya gari kulala inagharimu zaidi kuliko zamani. Kwa mchuuzi aliyepakia sangara wa barafu hasara haiishii kwenye nauli, kwani barafu haimsubiri fundi.

Pampu ndiyo inayosukuma maji yazunguke kati ya rejeta na injini. Ndani yake mna beringi na sili. Sili ikichakaa, maji hudondoka kupitia kitundu kidogo ambacho mtengenezaji amekiacha makusudi kwenye mwili wa pampu. Beringi ikichakaa, puli hucheza ikishikwa kwa mkono na injini hutoa mlio. Dalili hizi mara nyingi hutangulia kabla gari halijachemsha, na hapo ndipo penye nafasi ya kuokoa mtaji.

Hata hivyo nafasi hiyo mara nyingi hupotezwa na utaratibu wa hesabu. Dereva anayetakiwa kupeleka kiasi fulani kila jioni hana sababu ya kusimamisha gari kwa matone. Huchota ndoo ya maji, huongeza na kuendelea na safari. Tajiri hupata habari hedi ikiwa imekwishapinda. Mwenye gari anayesamehe hesabu ya siku moja kwa dereva aliyetoa taarifa mapema anajinunulia bima ya bei nafuu.

Kuongeza maji si tiba. Ziwa Victoria liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi. Mfumo ulio mzima, wenye mfuniko wa rejeta unaobana sawasawa, hupandisha kiwango hicho kupita nyuzi 110. Mfumo unaovuja hauwezi kutunza mgandamizo huo, na injini hubaki bila kinga hata kama rejeta imejazwa asubuhi.

Sasa hesabu yenyewe. Ichukuliwe kwa mfano tu kwamba Hiace inaleta Sh 50,000 kwa siku, ujira wa fundi ni Sh 40,000 na foleni ya gereji ni siku tatu. Gharama ya gereji, mbali na spea, ni Sh 190,000. Kazi hiyo ikifanywa nyumbani kwa siku moja, gharama ni hesabu ya siku hiyo, yaani Sh 50,000. Akiba ni Sh 140,000. Kama pampu bora inaizidi ile ya bei rahisi kwa Sh 60,000, tofauti hiyo imekwishalipwa na zinabaki Sh 80,000 za kulanti na mkanda mpya. Lakini pampu duni ikifa baada ya miezi michache, kazi yote hurudiwa na akiba yote huyeyuka.

Kazi yenyewe inahitaji subira kuliko nguvu. Kwa injini kama 2L na 3L za Toyota, pampu iko mbele na inazungushwa na mikanda ya nje. Injini iachwe ipoe kabisa, kwani kufungua mfuniko wa rejeta ya moto kunaunguza. Waya wa betri ufunguliwe. Maji yamwagwe kwenye beseni, si ardhini, kwa sababu kulanti ina sumu na ladha yake tamu huvuta watoto na mifugo. Zifuatie mikanda, feni na pampu.

Bolti za pampu hazilingani urefu, hivyo kila moja ichomekwe kwenye kipande cha boksi kilichochorwa umbo la pampu. Gasketi kuukuu ikwanguliwe yote bila kuchimba chuma. Pampu mpya ifungwe na gasketi mpya, bolti zikikazwa kidogo kidogo kwa kupishana ili ikae sawa. Rejeta ikishajazwa, injini iwashwe mfuniko ukiwa wazi mpaka thamostati ifunguke, hewa itoke na maji yaongezwe. Uvujaji uangaliwe tena baada ya safari fupi ya kwanza.

Kilichoua pampu ya kwanza nacho kishughulikiwe. Maji matupu ya ziwani au ya kisimani hayana dawa ya kuzuia kutu, na uchafu wake husaga sili. Kulanti iliyochanganywa na maji safi, kwa kawaida nusu kwa nusu, hulinda chuma na kupandisha kiwango cha kuchemka. Mkanda uliokazwa kupita kiasi nao huua beringi mapema.

Katika kununua, mnunuzi aende dukani na pampu ya zamani, alinganishe matundu ya bolti na urefu wa shafti, azungushe puli kwa mkono na kudai risiti ya EFD. Boksi lenye jina kubwa si ushahidi wa ubora. Risiti ndiyo inayompa mnunuzi pa kuanzia akirudisha spea mbovu au akipeleka malalamiko Tume ya Ushindani.

Wapo wanaosema kila mtu na kazi yake. Hoja hiyo ina ukweli. Mfanyabiashara anayefunga duka siku ya gulio ili aokoe ujira wa fundi amepata hasara. Kazi hii ni ya siku ambayo biashara imelala. Pia zipo injini, kama EJ za Subaru, ambazo pampu yake huzungushwa na mkanda wa taimingi. Kosa dogo hapo linaweza kuvunja vali, na ujira wa fundi mzoefu ni halali yake. Ndivyo ilivyo pia pale bolti yenye kutu inapokatikia ndani ya injini.

Kwa waliobaki, ushauri ni mmoja. Wota pampu iingizwe kwenye daftari la matumizi ya gari kama matairi na oili, fedha yake ikitengwa kidogo kidogo kutoka kwenye hesabu za kila wiki. Mwenye gari aliyekwisha kutenga fedha hiyo huchagua spea kwa utulivu na siku ya kazi kwa kupenda mwenyewe. Asiyetenga huchaguliwa vyote viwili na barabara, na bei hupangwa na yule aliyemkuta amekwama.