Bayleaf: Nyumba Iliyohamishwa na Dohani Iliyoachwa

Nyumba ya mkulima iitwayo Bayleaf ilisimama Chiddingstone, jimbo la Kent nchini Uingereza, tangu mapema karne ya 15. Lilipojengwa bwawa la maji la Bough Beech, ilifunguliwa kipande kwa kipande mnamo 1968 na 1969, kisha ikasimamishwa upya mwaka 1972 katika makumbusho ya Weald and Downland huko Singleton, Sussex. Atakayesema kwamba nyumba iliyohamishwa si nyumba tena, bali ni sanamu yake, atakuwa ametoa hoja isiyo na mashiko.

Nyumba za aina hii hazikuchongwa pale zilipokusudiwa kusimama. Seremala alitumia mwaloni mbichi, kwani ukikauka huwa mgumu mno kuchonga. Nguzo na boriti alizitayarisha uwanjani mwake, akaziunga kwa ulimi na tundu, akatia kila kiungo alama ya nambari kwa patasi. Kisha alizifungua, akazipakia mkokotenini na kwenda kuziunga tena penye kiwanja, akizikaza kwa vigingi vya mti. Waama, kiunzi hicho kilizaliwa kikijua safari. Kuta zake, kwa upande mwingine, ni kazi ambayo wanavijiji wengi wa Kenya wangeitambua mara moja: fito zilizosukwa, zikakandikwa kwa udongo uliochanganywa na nyasi na samadi.

Lawama inayostahili ni nyingine. Iliamuliwa kwamba Bayleaf ionekane ilivyokuwa yapata 1540: ukumbi ulio wazi toka sakafuni hadi paani, moto katikati, madirisha yasiyo na vioo, moshi ukijitafutia njia ya kutokea. Dohani na dari walizoongeza wakazi wa baadaye hazikurudishwa. Uamuzi huo una faida yake, kwani pasipo kuuona urefu wa ukumbi ule, mgeni hawezi kufahamu maisha ya watu waliouzunguka moto mmoja. Hata hivyo, aliyejenga dohani naye alikuwa mmojawapo wa waandishi wa nyumba hiyo. Yamkini alichoshwa na moshi machoni, akatamani pia vyumba vya juu. Mhariri makini wa mswada wa utenzi, akiziondoa beti zilizotiwa na mnakili wa baadaye, huzionyesha chini ya ukurasa ili msomaji ajiamulie. Nyumba haina chini ya ukurasa. Mgeni asiyeuliza huweza kuondoka akidhani kwamba karne nne hazikupita ndani ya kuta zile.

Isitoshe, sehemu ya juu ya Bayleaf, alikolala mwenye nyumba, nayo ni nyongeza ya mwanzoni mwa karne ya 16, takriban miaka mia moja baada ya ukumbi. Hiyo imebaki. Nyongeza ya kwanza ikahesabiwa kuwa nyumba, ya pili ikahesabiwa kuwa mzigo, na kilichozitenga ni mwaka mmoja uliochaguliwa na watu wa karne ya 20, ambao hawakuwahi kupikia katika moshi ule.