"Hata ningejua, ningemwambia nani?"

Taja TCCIA, chemba ya biashara, viwanda na kilimo, mbele ya wauzaji wa Soko Kuu la Bukoba. Jibu utakalopata ni hili: "Hiyo chemba ni ya wakubwa, sisi wenye meza za nyanya tuacheni tupambane." Nimelisikia Kashai, nimelisikia Muleba mjini na Kamachumu. Kila nikilisikia linaniuma, maana anayelisema ndiye anayeihitaji chemba kuliko mtu yeyote.

Tajiri ana njia zake. Akikadiriwa kodi asiyoikubali, mhasibu wake anaandika barua. Lori lake likizuiwa, anapiga simu moja na lori linaondoka. Asiye na namba ya simu ya mkubwa yeyote afanye nini?

Siku moja nilikuwa kwenye Hiace inayokwenda Bukoba. Juu kulikuwa na magunia manne ya maharage ya mama mmoja, aliyoyalima na kuyavuna mwenyewe. Kwenye kizuizi kimoja njiani kijana akatusimamisha, akayahesabu magunia, akadai ushuru wa mazao. Mama akafungua fundo la kanga, akahesabu noti zilizolowa jasho, akalipa, tukaondoka.

Mwaka 2017 ushuru huo ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Ikaamuliwa pia kwamba mkulima anayevusha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe kitu. Magunia manne hayafiki hata nusu tani. Nilipomweleza, alinitazama kwa upole akasema, "Waitu mwanangu, hata ningejua, ningemwambia nani?"

Nimelibeba swali hilo tangu siku ile, kwa sababu jibu lipo na tunalikalia. Kila mkoa na kila wilaya nchini inatakiwa kuwa na baraza la biashara, chini ya utaratibu ulioanza na Baraza la Taifa la Biashara la mwaka 2001. Mwenyekiti ni mkuu wa mkoa au wa wilaya. Upande mmoja wanakaa watumishi wa serikali, upande wa pili wanakaa wafanyabiashara, na hao hufika pale kupitia vyombo vyao, TCCIA ikiwa mojawapo. Wauza maharage wasipokuwa wanachama, habari ya kizuizi haitafika mezani. Zitajadiliwa shida za waliohudhuria. Kisha tunarudi kijiweni kulalamika kwamba chemba imetekwa na wakubwa, ilhali viti vya wadogo tumeviacha wazi sisi wenyewe.

Angalieni mpaka wa Mutukula. Bidhaa zetu zenye cheti cha uasili zinaingia Uganda bila ushuru wa forodha, na chemba ni miongoni mwa wanaotoa vyeti hivyo. Mzigo usiozidi dola 2,000 una cheti chake chepesi kinachopatikana pale pale mpakani. Lakini ni wachuuzi wangapi wa Bukoba wamewahi kuelezwa hilo? Wengi wanapita njia za panya usiku, wanatoa chochote huku na kule, na wakikamatwa mtaji wote umekwenda. Kazi ya kuwafundisha ni ya chemba, na chemba isiyodaiwa na wanachama wake hulala.

Ndiyo, ipo inayolala. Nawajua watu waliolipa ada mwaka mzima bila kuitwa kwenye kikao hata kimoja. Hasira yao ni ya haki kabisa. Ila aliyelipa ada ana haki ya kuitisha hesabu na kumwondoa kiongozi kwa kura. Aliyekaa pembeni hana cha kumdai.

Na sisi watu wa Kagera tusijifanye wageni wa mambo haya. Katika miaka ya 1930 Klemens Kiiza na wenzake waliwaunganisha wakulima wa kahawa hapa hapa Bukoba ili wauze zao lao wenyewe. Mwaka 1950 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika cha Bukoba, BNCU, chimbuko la KCU ya leo. Waliojitenga na wenzao tunajua walikoishia: kwenye butura, kahawa inauzwa ikiwa bado maua kwa bei anayoitaka mnunuzi, kwa kuwa mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa wauza maharage, ndizi na dagaa wa Bukoba na Muleba. Jiungeni na chemba mkiwa kundi, mia mbili kwa mpigo, na kikao cha kwanza mpeleke barua moja kwenye baraza la biashara la wilaya: kila kizuizi kibandikwe tangazo la ushuru, kwa Kiswahili na Kihaya, lenye kiwango na msamaha wa tani moja. Mama yule akipita tena hatahitaji kumjua mtu. Atanyoosha kidole ukutani.