Sarafu Zilizoliwa na Kutu na Wajibu wa Wanalugha

Wahenga walinena kwamba cha kuvunda hakina ubani. Hata hivyo, methali hii haifai kutumiwa kuhusu sarafu kuukuu za fedha zinazofukuliwa katika mwambao wa Afrika Mashariki. Sarafu iliyoharibika huweza kubeba habari isiyopatikana katika kitabu chochote.

Mfano bora ni hazina ya Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, iliyogunduliwa mwaka 1984. Humo mlikuwamo sarafu za fedha zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa ndogo kama kifungo cha shati, pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimi. Sarafu hizo za fedha hazikuandikwa mwaka wala mji zilikotengenezwa. Dinari, kwa upande wake, zilikuwa na tarehe, na kwazo wataalamu wakabaini kuwa hazina nzima ilifichwa katika karne ya 11. Laiti sarafu hizo zingetawanywa na kuuzwa mojamoja, ushahidi huo ungalipotea daima dawamu.

Ugunduzi huu haukuwa mdogo. Miongoni mwa majina yaliyosomwa ni Ali bin al-Hasan, ambaye wanahistoria humhusisha na mwasisi wa nasaba ya Washirazi wa Kilwa. Mwanaakiolojia Neville Chittick alikuwa amemweka mtawala huyo mwishoni mwa karne ya 12. Hazina ya Pemba ilimrudisha nyuma kwa zaidi ya miaka mia moja.

Je, jina husomwaje kwenye sarafu iliyoliwa? Fedha ya kale aghalabu huchanganywa na shaba. Katika udongo wenye unyevu, shaba hutoa kutu ya kijani, nayo chumvi ya bahari huungana na fedha na kuunda gamba la kijivu. Mara nyingi maandishi huhifadhiwa ndani ya gamba lenyewe. Kwa hivyo, anayeisugua sarafu kwa ndimu na mchanga ili ing'are huifuta historia kwa mkono wake mwenyewe. Mtaalamu huipiga picha kwa eksirei kwanza, kisha huondoa uchafu kidogo kidogo chini ya hadubini.

Hata hivyo, kemia pekee haitoshi. Sarafu hizi zina sifa ya kipekee: upande mmja una jina la mtawala, na upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mungu yanayooana na jina hilo kwa vina. Jina Hasan, kwa mfano, huandamana na neno minan, yaani neema. Basi pale ambapo kutu imekula upande mmoja, kina cha upande wa pili humwongoza msomaji kukisia jina lililopotea, kisha akalilinganisha na herufi zilizosalia. Ni dhahiri kuwa kazi hii humhitaji mjuzi wa hati ya Kiarabu na wa kanuni za vina sawia na anavyohitajika mkemia.

Hapa ndipo penye lawama. Katika vyuo vingi, mwanafunzi wa Kiswahili hufunzwa vina na mizani kana kwamba ni mapambo ya mashairi tu, na hati ya Kiarabu huachiwa wengine. Ilhali Shanga, katika kisiwa cha Pate nchini Kenya, palichimbuliwa vijisarafu vya fedha vya kale zaidi kuliko vya Mtambwe, vyenye majina ya watawala wa mahali hapo. Ikiwa wanalugha wa Afrika Mashariki hawatajifunza kuvisoma, vitasomwa na wageni peke yao, na wenyeji watabaki kusimuliwa habari za kwao.

Idara za Kiswahili hazina budi kuingiza usomaji wa hati hizo katika mitaala, na kushirikiana na makumbusho. Kwa kuwa sarafu haivundi kwa sababu ya kutu; huvunda inapokosa msomaji.